Siku Nilipomwita Masanja Mzuri

Nilipokuwa mtoto, kwetu Nkoma, hakuna kichanga aliyeitwa mzuri. Mgeni akija kumwona mzazi, alimfunua mtoto, akakunja uso na kusema, "Aa, hiki nacho ni nini? Kama panya wa kwenye pamba!" Mama mwenye mtoto alicheka, akashukuru, na moyo wake ukatulia, maana sifa njema huvuta jicho baya. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mimi aliniita Mbaya mpaka nikaanza shule, na siku mwalimu aliposoma jina la Kabula sikuitika. Sikujua kuwa ni mimi.

Babu alikuwa katekista, na alikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, cha zamani sana, kisicho na jalada. Aliyekiandika hatukumjua, ila bila shaka alikuwa mtu wa huku, kwa sababu katika Kiswahili chake chote kilichonyooka aliliacha neno moja la nyumbani: ng'wana, yaani mtoto. Kila lilipotokea lilifuatana na sifa za ovyo. Ng'wana mchafu. Ng'wana mwenye kichwa kikubwa. Ng'wana mweusi kama chungu. Babu alitusomea, nasi tukacheka mpaka machozi. Halafu, karibu na mwisho, kulikuwa na ukurasa mmoja wenye ng'wana mzuri, mwenye macho mang'avu, mwenye vidole laini. Babu akifika hapo alipunguza sauti, akafunga kitabu na kusema inatosha kwa leo. Nikaamini kwamba hayo ndiyo maneno ya heshima, yanayobakizwa mwisho kama mtoto anavyobakiza kipande chake cha nyama.

Mdogo wangu Masanja alizaliwa msimu wa kuchuma pamba, nikiwa darasa la nne. Nilimpenda kupita kiasi. Jumapili moja shangazi alikuja kutoka Maswa kumwona, nyumba ikajaa majirani, na kila mtu akatoa lake. Wakamcheka pua, wakamcheka masikio. Nikaona wanamwonea. Nikasimama katikati yao, mikono nyuma kama ninayekariri mbele ya darasa, nikasema kwa sauti: "Ng'wana mzuri, mwenye macho mang'avu, mwenye vidole laini!"

Shangazi aliziba mdomo kwa kanga. Mama alimvuta Masanja kifuani akamfunika hata uso.

"Umeyatoa wapi maneno hayo?" bibi aliuliza.

"Kwenye kitabu cha babu."

Babu aliinamisha kichwa. Hakuna aliyenipiga, na hilo ndilo lililonitisha zaidi ya fimbo.

Siku ya tatu Masanja aliamka mwili unachemka. Baba alitoa baiskeli awapeleke mtoto na mama zahanati. Bibi akashika usukani.

"Hutoki naye akiwa na maneno yale juu yake," alisema. "Kwanza Kabula ayaondoe."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini bibi alitaka niyazoe. Alinipa maji kwenye kibuyu. Nikapiga funda, nikampulizia mdogo wangu, nikasema, "Mbaya." Funda jingine: "Macho ya chura." Jingine: "Vidole vya kuku." Masanja alilia sana, kisha akaacha. "Unaona, anatulia," bibi alisema. "Rudia, mayu, mama yangu, rudia." Nikarudia asubuhi nzima. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, kwa sababu niliona namponya.

Jua lilikuwa utosini alipoanza kutupa mikono na kugeuza macho. Ndipo baba alipomsukuma bibi kando. Sikuwahi kuona mtu akimsukuma mama yake mzazi. Wakaondoka.

Walirudi siku iliyofuata. Baba alikuwa anakokota baiskeli, na mama alikuja nyuma, amembeba Masanja mgongoni kama kawaida, ila kanga mpya aliyoleta shangazi ilimfunika hadi kichwani. Bibi alimpokea, akamlaza mapajani, akamfunua uso. Akasema polepole, mbele ya watu wote, "Ng'wana mzuri. Mwenye macho mang'avu. Mwenye vidole laini."

Maneno yaleyale, na bibi hakujua kusoma. Akaendelea kuita watoto wengine, majina matatu ambayo sijawahi kuyasikia nyumbani kwetu, na kila mmoja akampa uzuri wake. Walikuwa watoto wake mwenyewe, aliowazika kabla hajamzaa baba. Hapo ndipo nilipoelewa ukurasa wa babu. Kwetu mtoto aliitwa mzuri akishakufa, pale ambapo jicho la mtu haliwezi tena kumdhuru. Nami nilimsomea Masanja maneno ya msiba akiwa hai, ananyonya.

Leo mimi ni muuguzi hapa Bariadi. Malaria ya watoto naijua, na degedege lake nalijua. Neno langu halikumuua Masanja. Zilimuua saa zile za kibuyu, na kibuyu nilikishika mimi. Nilimkasirikia bibi miaka mingi, mpaka nikachoka. Mtu aliyezika watatu anaogopa hata upepo.

Mwaka huu nimejifungua binti. Juzi nilimpeleka kliniki, muuguzi mwenzangu akamweka kwenye mizani, akasema, "Jamani, mtoto mzuri huyu!" Nikausikia mdomo wangu unajibu, "Mbaya tu huyo, ana macho ya chura." Mwenzangu alinikodolea macho. Mimi nilishtuka kuliko yeye.

Nilipofika nyumbani nikampigia mama simu Nkoma, nikamweleza. Tangu msiba ule hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, mimi na yeye.

"Mwite mzuri, Kabula," akasema. "Mwite kila siku. Ila akipata joto, usimsubiri mtu."

Nikaweka simu chini. Binti yangu alikuwa ameamka, ananitazama. Nikafungua mdomo nimwite, na sauti haikutoka.