Kogo na mfereji mmoja wa maji mawili

Leo nimelowa hadi soksi mbele ya Kogo, nyanya yangu, na sijawahi kufurahi hivi.

Kogo alikuja kwetu Yamumbi jana, akae wiki nzima. Asubuhi akakataa kuoga kwenye bafu letu la manyunyu. Alitaka beseni, maji moto ya sufuria na ndoo ya baridi, achanganye mwenyewe.

"Mfereji mmoja utatoaje maji mawili? Nirudisheni kwangu Kapseret."

Mimi, ambaye huwa siongei, nikajitolea kueleza. Nikamwambia maji moto na baridi hupita mabomba tofauti ukutani, yakutane ndani ya mfereji, na kishikio ndicho kinachoamua kila upande utoe kiasi gani.

"Kushoto ni moto, Kogo. Tazama."

Nikageuza, nikasimama chini yake.

Barafu! Kumbe fundi aliyerekebisha bafu jana alipishanisha bomba la moto na la baridi.

Kogo akacheka hadi akashika ukuta. "Mwalimu, toka!"

Akaweka kiwiko kwenye maji, kama anavyopima ya kuogesha mtoto, akasukuma kishikio kulia polepole. "Hapa."

Ameoga nusu saa akiimba. (Kwenu pia nyanya hupima kwa kiwiko?)

Mama akambishia Kogo mlango wa bafu: "Mama, tuite boda ya Kapseret?"

"Kwani nani anaenda?"