Mtu wa Nane wa Kijerumani

Lavonne Tesdahl alianza chuo akiwa na miaka thelathini na saba, na wakati wa habari hii alikuwa na hamsini na mitatu na bado hajamaliza. Wala msimcheke, hakuwa mzito wa kichwa. Alikuwa mpishi katika bwalo la Chuo cha Orrin, na mfanyakazi wa chuo kile alikuwa na haki ya kusoma somo moja bure kila muhula. Moja, basi. Shahada ina masomo thelathini na mawili, mwaka una mihula miwili. Piga hesabu mwenyewe. Mwanawe alikuwa darasa la tano siku mama alipoanza. Kijana akakua, akaingia chuo kile kile, akamkuta mama yake darasani, akampita, akahitimu, akahamia Duluth kufanya kazi bandarini. Mama alikuwa bado anakaanga mayai.

Orrin ni mji wa taa mbili za barabarani, ghala la nafaka na chuo. Chuo chenyewe ni cha serikali, kidogo, na kazi yake ni kumwonjesha mtu kila kitu. Ukitaka shahada ya historia, kama alivyotaka Lavonne, ni lazima uonje pia hesabu, muziki, miamba, na lugha moja ya kigeni kwa mihula minne, ngazi baada ya ngazi. Watoto hulalamika kila mwaka. Lavonne hakulalamika hata siku moja. Miamba aliipenda hasa, akawa anaokota mawe njiani na kuyapanga dirishani juu ya sinki la vyombo.

Kilichomponza ni Kijerumani. Alisoma ngazi tatu bila shida, ya nne ikapangwa saa tano asubuhi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa ile ile ambayo bwalo linahangaika na chakula cha mchana. Fomu ya mfanyakazi anayetaka kusoma ina swali moja kwa msimamizi wake: Je, masomo haya yataathiri kazi? Msimamizi alikuwa Merle Ostby, mkuu wa jiko. Merle aliandika "Ndiyo", akaweka sahihi, akarudi kwenye karoti zake.

Lavonne aliichukua fomu, akainyamazia. Kijerumani cha nne hufundishwa kila baada ya miaka miwili. Akasema moyoni kwamba kitarudi. Hilo ndilo kosa letu watu wa Orrin. Tunadhani chuo ni kama theluji, kwamba kila mwaka kitakuja vile vile. Akajaza mihula ile na masomo mengine, na Kijerumani akakitunza kwa kujisemea vitenzi ndani ya chumba baridi, kati ya maboksi ya saladi.

Kikarudi, kweli. Ila kilirudi na habari: Profesa Baumert, aliyekifundisha peke yake kwa miaka thelathini, anastaafu mwezi wa Mei, na nafasi yake haijazwi. Hakutakuwa na Kijerumani tena Orrin. Na somo lolote lisilofikisha wanafunzi wanane, Ijumaa ya wiki ya kwanza saa kumi jioni, linafutwa. Likifutwa, Lavonne aanze Kihispania kutoka kwenye salamu, ngazi nne, miaka miwili mingine.

Safari hii fomu yake hakumpelekea Merle. Alipanda ghorofani kwa bosi wa Merle, akapata sahihi kule, akabadilishiwa zamu aanze saa kumi na moja alfajiri. Merle alipopata habari alinuna. Wiki nzima wawili hao wakawa wanazungumza mayai na sufuria tu.

Jumatatu walikuwa sita, Lavonne akiwemo. Basi akaanza kazi. Kila mwanafunzi aliyesimama mbele yake na sahani alipata kimanda na swali.

"Uyoga? Jibini? Kijerumani ulisoma sekondari?"

"Jibini tu, mama."

"Nimekuuliza mambo matatu."

Jumatano akampata msichana mmoja wa muziki, wa saba. Asubuhi hiyo hiyo akamnasa Tobin Sather, kijana mrefu wa mwaka wa pili aliyekula mayai manne kila asubuhi.

"Nilisoma miaka mitatu," Tobin alisema, "lakini nimesahau yote."

"Nani kakuuliza umekumbuka nini? Njoo ukae."

Tobin alijiandikisha. Wakawa wanane. Alhamisi Lavonne alikaanga mayai akiimba, na huyo mama haimbi.

Sasa, wiki ya kwanza pale chuoni watoto huonja masomo kama wanavyoonja vyakula: wanaingia, wanakaa siku mbili, wanatoka, na hakuna anayewaona wakosefu. Ijumaa asubuhi Tobin alikuja mbele ya kikaango bila sahani. Lavonne akajua kabla hajafungua mdomo.

"Mama, samahani. Mshauri wangu anasema lazima nichukue maabara ya kemia, na iko saa ile ile. Nimeshajitoa."

"Umeshajitoa."

"Jana usiku. Nisipoichukua sasa nachelewa mwaka mzima."

Ungetaka kumkasirikia lakini ungemkasirikia nini? Mwaka mzima ni mwaka mzima, Lavonne alijua kuliko yeyote. Akamwambia, "Kalete sahani," akamkaangia manne yake.

Saa tano darasani walikuwa saba. Profesa Baumert aliwahesabu mara mbili kisha akafundisha kama kawaida. Lavonne alirudi jikoni saa saba kuosha trei, japo zamu yake ilikuwa imekwisha, kwa sababu hakujua aende wapi.

Merle alikuwa anakaanga kuku. Mafuta yakamrukia mkononi, akatukana. Alitukana kwa Kijerumani, kama siku zote. Alikuwa mpishi wa jeshi kule Ujerumani miaka minne ya ujana wake, na matusi ndiyo aliyotoka nayo, au ndivyo jiko zima lilivyodhani. Lavonne aliweka trei chini.

"Merle. Kijerumani chako ni matusi tu au kuna kingine?"

"Kwa nini?"

"Tumepungua mmoja. Na wewe una haki ya somo moja bure kama mimi. Miaka ishirini hujaitumia hata mara moja."

Merle alicheka kwa pua. "Mimi na miaka sitini na miwili hii nikakae na watoto ninaowapikia uji? Wanione nimeshika kalamu? Acha utani, dada."

"Sitanii."

"Halafu saa tano. Nani atapika? Wewe umeshaondoka zako, ukanipita ghorofani kama mimi kabati. Na mimi nikiondoka, wale nini, trei?"

"Nilikupita kwa sababu nilikujua," Lavonne alisema. Hakupandisha sauti, ila safari hii aliyatoa yote. "Uliniandikia ndiyo. Hukuniuliza hata kama kuna mtu wa kunishikia zamu. Alikuwepo, Merle, nilikuwa nimeshamwomba. Saa moja, mara tatu kwa wiki. Kijerumani ningekuwa nimeshakimaliza. Nimekukasirikia miaka miwili na sijawahi kukwambia, basi leo nakwambia."

Merle aligeuza kuku. Lavonne alivua aproni, akaitundika, akatoka. Alikaa kwenye gari lake lenye baridi, injini inanguruma, akalia kidogo, akajifuta.

Saa kumi kasorobo alivuka uwanja wa theluji kwenda ofisi ya msajili kuchukua fomu ya Kihispania. Alikuwa ameshaamua. Miaka miwili si kufa.

Mlangoni alinusa kuku wa kukaanga.

Merle alikuwa amesimama mbele ya meza ya msajili na aproni yake ya mafuta, kofia mkononi. Kando yake alikuwa Profesa Baumert na koti lake la theluji, akimuuliza maswali kwa Kijerumani, kwa kuwa hakuna anayeingia ngazi ya nne bila kupimwa. Merle alikuwa anajibu. Alijibu vibaya, kwa kukwama, lakini alijibu: habari za viazi, za kanali mmoja, na za pikipiki ya kanali iliyotumbukia mtoni. Lavonne alielewa nusu. Profesa alicheka mpaka akavua miwani.

"Sarufi hana kabisa," profesa alimwambia msajili. "Mwandike."

"Bado fomu," msajili alisema. "Sahihi ya msimamizi ninayo, ameituma kutoka ghorofani. Ila swali hili hakulijibu, anasema la jiko lijibiwe na jiko." Akaigeuza karatasi. Je, masomo haya yataathiri kazi?

Merle alilitazama swali lile muda mrefu kuliko linavyostahili. Ukutani saa ilionyesha kumi kasoro dakika sita. Kisha akainama akaandika, akaisukuma fomu, akampita Lavonne mlangoni bila kumtazama usoni.

"Jumatatu usichelewe," alimwambia. "Na uniletee daftari, mimi sina."

Lavonne alisogea mezani kabla msajili hajaifungia fomu. Merle alikuwa ameandika: "Hapana. Tutapika supu."

Na supu wakapika. Ukiibandika saa nne inaiva yenyewe mpaka saa sita, haihitaji mkubwa wa kuisimamia. Muhula mzima, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bwalo la Orrin likawa supu: ya njegere, ya mahindi, ya kuku na ule mchele mweusi wa mwituni, halafu tena ya njegere. Watoto waliandika malalamiko kwenye ubao hadi ubao ukajaa. Merle aliyasoma, akayafuta, akaenda darasani na daftari lake kwapani, na alama zake hakumwonyesha mtu.

Wiki moja kabla ya mahafali, joho la Lavonne likiwa tayari limetundikwa kwenye ndoano pale penye aproni, Tobin Sather alisimama mbele yake na bakuli.

"Mama, supu tena? Tangu Januari ni supu. Kwani nani alileta jambo hili?"

Lavonne alilichukua bakuli lake, akalijaza pomoni, akaongeza upawa mmoja juu.

"Wewe," alisema. "Kula, mwanangu, na ahsante."