Moto wa Nyumba ya Tatu

Nilimkuta mwanangu ukingoni mwa uwanja wa chekechea, amesimama nje ya mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, kikombe chake cha plastiki mkononi. Wenzake walikuwa wanakunywa uji. Halii. Angekuwa analia labda ningemchukua nikarudi naye nyumbani kama siku nyingine. Alikuwa anawaangalia tu, kwa adabu, kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Na mwalimu wao amekaa kwenye benchi na simu yake, anatabasamu peke yake. Nilijua anatabasamu nini. Jana yake ni mimi niliyemfundisha kumaliza ile gemu.

Hapo uvumilivu wangu ulikatika. Nikavuka yale mawe.

"Shemeji," nikamwambia, "mwanga wa gemu yako umekuja kuchukua kwangu. Uji unamnyima mtoto?"

Akaficha simu nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyefumaniwa. "Shemeji, punguza sauti, watoto wanasikia."

"Wasikie. Wewe unawafundisha a, e, i, mimi ngoja niwafundishe hili."

Wapishi wawili wakaacha kukoroga. Mmoja akavuta sufuria karibu yake, akaikinga kwa kitenge, kana kwamba pumzi yangu ingeingia ndani.

Naomba nieleze, maana mtu asiye wa huku atasema nimegombana kwa ajili ya kikombe cha uji.

Huku kwetu Mbulu, nyumba iliyofiwa na kichanga hukaa na mwiko. Moto wake hautoki nje. Mtu hachukui kaa kwenye jiko lake, hali kwenye sahani yake, hanywi kwenye kibuyu chake, mpaka muda wake uishe na nyumba isafishwe. Wanaamini anayechukua moto anachukua na kile kifo, anakipeleka kwake. Siku hizi kibiriti kipo kila duka na hakuna anayekwenda kwa jirani kuomba kaa. Lakini mwiko haukuondoka na makaa. Umehamia kwenye sufuria, vikombe, ndoo za maji, na kwa watoto.

Mimi nimezaliwa Nangwa, chini ya Mlima Hanang, nikaolewa huku Maretadu. Mwanangu wa pili alifariki kwa nimonia kabla hajaota jino. Kanisa lilimzika vizuri, nyimbo ziliimbwa, katekista akasema mtoto ni malaika. Watu walipotawanyika, mama mkwe akaja mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuanzia leo chungu chako ni chako na moto wako ni wako. Mtoto asile nyumba za watu."

"Mama, katekista amesema ni malaika."

"Ndiyo, ni malaika. Moto usitoke."

Nina kidato cha nne. Biolojia nilifaulu. Najua nimonia haikai kwenye jivu. Lakini jaribu kumwambia mama mkwe habari za bakteria ukiwa bado maziwa yanakutoka na hakuna wa kunyonya.

Nikakaa ndani. Mume wangu alikuwa anakwenda shamba na kurudi, anaongea na maharage kuliko anavyoongea na mimi. Siwezi kumlaumu, na yeye alikuwa ndani ya mwiko uleule. Ndipo kaka yangu aliyeko Arusha akanitumia gemu kwenye simu. Akaandika: "Dada, ni fupi, ila inatisha. Cheza mahali penye giza." Wengine wanatumiwa pole. Mimi nikatumiwa gemu ya kutisha.

Niliicheza mchana, kwenye chumba cha kuhifadhia mahindi kisicho na dirisha, nimejifunika blanketi kichwani ili kioo kionekane. Na lazima niseme ukweli: sijawahi kuona kitu kama kile, wala sijui kama nitaona tena.

Wewe ni mtoto. Una taa iliyozimika. Uko kwenye kijiji ambacho watu hawaonekani, na giza lake si giza la kukosa mwanga. Linatembea. Ukisimama linakaribia, ukigeuka linasimama. Silaha huna. Unachoweza ni kusogeza mwanga tu: unafungua mlango mdogo, mwali wa jua unaingia, unageuza beseni la maji, mwali unaruka ukutani. Halafu kivuli cha kitu kinakuwa kitu chenyewe. Kivuli cha ngazi iliyovunjika, ukikirefusha vizuri, unakipanda. Kivuli cha mti kinakuwa daraja. Mara ya kwanza nilipoweka mguu wa yule mtoto juu ya kivuli na kikambeba, nilishusha blanketi nikaangalia kivuli changu mwenyewe pale kwenye magunia. Kilikuwa pale, cha kawaida. Lakini sikukiamini tena kama zamani.

Nyumba ya kwanza nikapita, ya pili nikapita. Ya tatu imejitenga na nyingine. Ndani kuna kitanda kidogo kimefunikwa shuka, na jikoni kuna moto unawaka, moto pekee katika kijiji chote. Nje kuna korongo. Na kuna kitu kirefu, cheusi, kinachozunguka nyumba, na kila ukikaribia mlango na chenyewe kinakaribia.

Nilikwama. Nilijaribu madirisha, maji, paa. Nilijaribu kila kitu isipokuwa ule moto. Wala sikujua kwamba siujaribu. Mkono wangu uliupita tu, kama unavyopita karibu na jeneza bila kuliegemea.

Watu wengine nao waliipata. Kwenye banda la kuchajia simu vijana walirushiana, na kwa kuwa mimi sikuruhusiwa kuingia bandani, nilikaa nje kwenye jiwe nikisubiri simu yangu ichajiwe kwenye waya wake wa pembeni, nikawasikia wakitoa maoni.

"Hii gemu ni mbovu," mmoja anasema. "Nyumba ya tatu haina njia. Waliiacha katikati."

"Siyo mbovu, ni ya shetani," anasema mwingine. "Mimi nimeifuta. Ile sauti ya kilio imebaki sikioni hata nikikamua ng'ombe."

"Umeogopa tu."

"Nimeogopa ndiyo. Wewe hujaogopa? Mbona ulikuwa unaicheza umekaa karibu na bibi yako?"

Wakacheka. Alikuwepo na mfugaji mmoja wa kutoka Hirbadaw, kijana wa mashuka na fimbo, aliyepanda huku kununua ndama. Aliitazama muda mrefu juu ya bega la mwenzake, akasema kwa utulivu, "Huyo mweusi hafukuzi. Angalieni miguu yake. Anayefukuza hatembei hivyo." Wakamwambia yeye anajua ng'ombe, gemu awaachie. Mimi kule nje nililishika lile neno.

Jioni kabla jua halijazama nikafungua pale gemu inapopakuliwa, nikasoma maoni ya wachezaji wa dunia nzima. Kiingereza changu ni cha shule lakini kinanifikisha. Mmoja kaandika ni nzuri ila fupi mno, ameimaliza akisubiri chakula kiive. Mwingine anasema alicheza amewasha taa zote za nyumba. Wa tatu analalamikia daraja la mwisho. Niliendelea kusoma mpaka macho yakauma, nikitafuta mtu mmoja, mmoja tu, aliyekwama nyumba ya tatu. Hakuna. Hakuna hata aliyeitaja. Wameingia, wamechukua moto, wametoka.

Maretadu nzima imekwama mahali ambapo dunia nzima haikuona hata kizingiti.

Nikarudi kwenye chumba cha mahindi. Nikamwingiza yule mtoto ndani. Kile cheusi kikaja mpaka mlangoni, kikasimama. Nikamsogeza karibu na jiko, nacheka mwenyewe. Nikachukua moto. Taa ikawaka, na mwanga ulipofika mlangoni nikaona kile cheusi ni mwanamke. Ni mama wa nyumba. Muda wote alikuwa anazunguka nyumba yake mwenyewe kwa sababu hakuna anayeingia.

Gemu ile haina maneno. Alitoka mbele, akasimama ukingoni mwa korongo, nami nikaweka taa nyuma yake. Kivuli chake kikarefuka, kikarefuka, kikafika ng'ambo, na yule mtoto akavuka juu yake. Ng'ambo kulikuwa na taa za kijiji kizima, zimezimika, zinasubiri. Ukiziwasha moja moja watu wanatokea milangoni, na wote wana moto wa nyumba ile.

Nilikaa na mahindi yangu. Sikulia kwa huzuni. Nililia kama mtu aliyepanda mlima akaona uwanda mzima wa Hanang kwa mara ya kwanza na hakuna wa kumwambia angalia. Aliyetengeneza kitu kile yuko wapi? Hanijui. Hajui kama kuna Mbulu. Amejuaje?

Yule mwalimu wa chekechea ni mtoto wa baba mdogo wa mume wangu, na ndiye katibu wa kamati ya chekechea, inayosimamia na uji. Alikuja mwenyewe, akasimama nje ya boma langu.

"Shemeji, habari za ndani. Nasikia umeimaliza."

"Nimeimaliza."

"Mimi nimejaribu mpaka naiota. Unapitaje?"

"Chukua moto jikoni."

Akaangalia chini. "Ule wa nyumba yenye…"

"Ule."

"Nilidhani ule ni mtego."

"Sote tulidhani."

Akaicheza palepale, amesimama, na mimi namwangalia kutoka mlangoni. Nilimwona uso wake ulipobadilika. Mdomo ukaachia. Alipofika ng'ambo, akakaa chini kwenye majani na suruali yake ya kazini, akasema taratibu, "Shemeji, kumbe alikuwa mama."

Nikadhani ameelewa. Ndiyo maana kesho yake nilimwosha mwanangu, nikamsuka, nikambebesha kikombe na sado ya mahindi, ile ndoo ndogo ya kupimia, mchango wetu. Mahindi yalikuwa yamerudishwa mara ya kwanza. Safari hii nilijua yatapokelewa. Nikamwacha atangulie na watoto wa jirani, nikamalizia kukamua, nikafuata. Nikamkuta pale kwenye mawe, na sado imewekwa miguuni pake.

Sasa turudi uwanjani. Nilimwuliza mwalimu, jana si alikaa kwenye majani yangu akasema kumbe alikuwa mama?

"Ile ni gemu, shemeji."

"Na huu ni uji."

"Mimi sina tatizo. Kamati ndiyo inaogopa. Wazazi watawatoa watoto wao. Muda wenu ukiisha mtoto ataanza, haraka ya nini?"

"Muda ukiisha wenzake watakuwa wanasoma na yeye anaanza kushika penseli. Na atakuwa amejifunza kusimama nje. Hilo hakuna darasa la kulifuta."

Mpishi mmoja akasema bila kuniangalia, "Mama, hata sisi tunamwonea huruma."

"Huruma hainyweki," nikamwambia.

Nikambeba mwanangu, nikabeba na sado, nikaenda moja kwa moja ofisi ya kijiji, na matope yangu miguuni. Mtendaji ni mtu mzima. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia, akaniambia nikae. Nilivyoanza kueleza akasema mambo ya mila tuyamalize kifamilia, akapendekeza wazee wakae.

"Baba, wazee wameshakaa. Ndio waliomtoa mtoto chekechea. Nimekuja kwa serikali."

"Unamlalamikia nani? Mama mkwe?"

"Hapana. Mama mkwe ananinyima nini na mimi namnyima nini, hayo ni yetu. Nailalamikia kamati ya chekechea ya kijiji na katibu wake."

Akavua miwani, akanitazama, akamtazama mtoto. Akanipa karatasi na kalamu. Niliandika mezani kwake, mwanangu amekaa juu ya sado, kwa mwandiko wa shule:

Mimi ni mkazi wa kijiji hiki. Nalalamika kwamba mtoto wangu, mwenye umri wa kuanza chekechea na aliyeandikishwa, anazuiwa kuingia na kula na wenzake kwa sababu mdogo wake alifariki. Mtoto huyu si mgonjwa. Mdogo wake alikufa kwa nimonia na cheti cha hospitali ninacho. Mchango wetu wa mahindi umekataliwa mara mbili. Naomba ofisi iamuru mtoto aingie darasani leo na apewe uji wa sufuria moja na wengine. Kama ofisi inaona haiwezekani, naomba nijibiwe kwa maandishi mtoto huyu amekosa nini. Mahindi nimeyaacha hapa ofisini.