Ukingo wa Mkia

Mkereza vyuma wa maabara ile alikuwa na miaka thelathini kwenye mashine yake, na hakuna kipande chake kilichowahi kurudishwa. Wenzake walimwita Bwana Sawasawa. Ndiye aliyechonga mfano wa kombora, wa urefu wa kidole tu, ukawekwa ndani ya bomba la upepo uendao kasi kuliko sauti, wapime hewa inauzuia kiasi gani.

Chumba cha pili, binti mmoja alikuwa akilipima kombora hilohilo kwa kompyuta, bila upepo wala chuma. Majibu yakagongana. Kompyuta ilisema hewa inazuia zaidi. Mkuu wa maabara akatoa neno: Ijumaa ikifika tofauti ile haijaelezwa, kazi ya kompyuta inafungwa na binti anakwenda zake.

Bwana Sawasawa naye alikuwa na lake: tangu aanze kazi hajawahi kuiona hewa. Alhamisi asubuhi akapiga hodi kwa binti.

"Mwanangu, nasikia humu upepo unaonekana. Kweli?"

"Karibu, baba. Njoo umwone mbaya wangu." Binti alicheka, ila macho yalikuwa mekundu.

Kwenye kioo cha kompyuta, pua ya kombora ilijitanda utaji mwekundu ulioinamia nyuma. Mkiani kulikuwa na buluu tupu.

"Mbele hewa inabanwa, haina pa kukimbilia. Hapa nyuma inabanduka, inaacha upungufu, na upungufu huo unalivuta kombora lirudi."

"Kumbe linavutwa mkia! Nami nikadhani vita vyote viko puani." Mzee akasogea hadi miwani ikagusa kioo. "Inabandukia wapi hasa?"

"Hapo ukingoni. Ukali wake ndio unaoikata."

Mzee akautazama tena. Ukingo wa kwenye kioo ulikuwa mkali kama wembe. Wa kwake, ule wa chuma, alikuwa ameupitishia tupa ukaviringika kidogo, kama afanyavyo kila kipande kabla hakijamtoka mkononi, kisije kikamkata mtu. Hakuna aliyemwagiza, mkono ulishazoea.

Angeweza kuaga akanywe chai yake, nani angejua? Lakini riziki ya mtoto wa watu ni amana, na Mungu hafichwi kwa pazia.

"Mwanangu, huo ukingo uviringe nusu milimita. Halafu iulize tena."

Kompyuta ilichukua saa tatu. Mzee hakubanduka kitini. "Na hapa mbona inajizungusha? Na hii inakwenda wapi?" Mwishowe hesabu ikashuka, ikakaa ubavuni mwa ile ya bomba.

Binti akajishika mdomo. "Baba, umejuaje?"

"Naujua mkono wangu."

Wakaongozana kwa mkuu. Mzee hakungoja kiti. "Kosa ni langu. Binti amepima mchoro wenu. Bomba limepima tupa yangu."

"Wewe, Bwana Sawasawa? Miaka thelathini hujakosea!"

"Labda nimekosea mara nyingi, mkuu. Hakukuwa na wa kunionyesha."

Mkuu akacheka hadi akavua miwani. Kazi ya binti haikufungwa. Mzee akaagizwa achonge mfano mwingine, tupa asiiguse. Akakubali, ila akaomba kwanza arudi kidogo kwenye kile kioo: kuna kimbunga kidogo cha hewa nyuma ya mkia, na hajaelewa bado kinazungukia upande gani.