Mama wa Foleni

Serwaa, aliyehudumu na Mama wa Foleni kwenye meza moja ya kupokea wageni, hakuwahi kumwona akiketi. Mwaka wa tano huu, waandishi wa programu za kompyuta wakikutana Kumasi, mama huyo alisimama pale mlangoni kwa kujitolea, miwani puani, kidole kikishuka kwenye orodha kama anayechambua mchele. Fulana za zawadi hakumwuliza mtu saizi. Alimtazama mabegani mara moja, akamrushia yake, na aliyebisha aliambiwa, "Kaivae kwanza, halafu urudi unitukane." Hakurudi mtu. Aliyeruka foleni, hata awe mfadhili mwenye suti, alielekezwa kwa kidevu: "Foleni ina mkia, baba. Uko kule."

Leo mwalimu mmoja, aliyesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Tamale, hakuwamo kwenye orodha, na nafasi zilikuwa zimejaa. Kidole kikapanda, kikashuka, kikatua. "Si hili hapa? Mbona unanitisha bure!" Akatoa beji sandukuni, akaigeuza, akaandika jina la mwalimu upande wa nyuma wa beji, akamvisha. Fulana nayo akampa. Serwaa alichungulia pale kidole kilipotua: lilikuwa jina la mama mwenyewe.

Mchana, kwenye wali wa jollof, mgawaji mgeni alimzuia mama. "Mama, wasio na beji wanajipanga nyuma ya wenzao." Serwaa akafumbua mdomo amtetee, akafinywa mkono kimyakimya.

"Haya, mwanangu," mama akasema, sahani tupu mkononi. "Mkia uko wapi?"