Shelfu ya Mninga

Baba alipoanza kupoteza usikivu, niliamua kumtengenezea shelfu ya vyombo vyake vya muziki: amplifaya, deki ya kanda na spika mbili alizonunua enzi zile akifundisha kwaya ya kanisa, Newala. Miaka yote vilikaa juu ya meza nyembamba ya mkorosho, iliyokwisha kutobolewa na wadudu.

Kwanza nilikwenda Masasi kwa fundi wa kuchomelea. Shelfu yake ya chuma ilipendeza machoni, lakini nilipoigonga kwa kidole ililia kama kengele, nikaiacha. Plaiwudi nayo niliikataa. Ukungu wetu wa asubuhi huivimbisha upesi. Seremala mmoja wa Mkunya akanishauri nitumie mninga mzito, na kila chombo nikikalishe juu ya vipande vya mpira wa tairi ili mtetemo usipite. Nilimwamini. Kazi ilipokwisha, sauti ilitoka safi hata nikajisifu moyoni.

Niliweka kanda ya kwaya ambamo marehemu mama anaimba sauti ya pili. Baba alisogeza kiti, akaweka kiganja juu ya mbao, akatulia. Akakihamisha, akakibonyeza tena. Kisha akaniuliza kama nimewasha.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Meza ile ilikuwa inaniletea," alisema. "Mama yako akiingia kuimba, nilikuwa namjua kwa mkono."

Nilishindwa kumtazama. Nilikuwa nimechagua mbao kwa masikio yangu, wala sikuwahi kumuuliza yeye anasikiaje. Kila nilipomkuta ameiegemea ile meza, nilidhani ni uchovu wa uzee. Na meza yenyewe nilikwisha kuipasua kuni.

Nilirudi Mkunya, nikamweleza seremala yote. Alitafuta ubao wa mkorosho, akaupiga randa mpaka ukawa mwembamba, wala hakutaka malipo. Nyumbani niling'oa mipira, nikaupigilia ubao ule juu ya mninga kwenye kingo tu, chini yake katikati pakabaki uwazi ili utetemeke, nikazirudisha spika. Sauti sasa inakwaruza; wageni hunishauri nirekebishe.

Baba aliweka kiganja, akafumba macho. Baada ya muda alisema besi anazipata, ila mama bado.

"Ubao huu ni mbichi," aliniambia kwa upole. "Tuupe muda, mwanangu."

Tangu hapo, kila Jumapili akitoka kanisani huketi pale, nami humwekea kanda ileile.