Mate kwa Watu Wawili

Enzi zetu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, kutema mate darasani hakukuwa utovu wa adabu. Kulikuwa somo. Ninyi mlioingia kambini mkiwa wadogo, wakati Kongo inawaka, mtanielewa. Hawa wa siku hizi watanikunjia pua. Waache wakunje.

Sisi wa kutoka Fizi tulikuja na ulaji wa vitani: unameza tonge zima huku macho yako njiani. Nsima, ugali wa Malawi, ilikuwa inaisha sahanini hata mvuke haujaisha. Mama yangu, fundi cherehani mwenye sauti ya kusikika bloku ya tatu, alikuwa anafoka: "Tafuna, weye Furaha! Nani anakukimbiza hapa? Bantu ya bunduki tuliacha kule!"

Mwalimu wetu wa sayansi, mkimbizi wa Uvira, alimuunga mkono mama. Alisema mate yana vimeng'enya, navyo huanza kukata wanga kuwa sukari chakula kingali mdomoni. Akatugawia nsima kidogo kidogo, tutafune bila kumeza. Darasa zima likatafuna kama mbuzi, na kweli, utamu ukaja! Kisha akatoa ayodini aliyoiomba kliniki, ile dawa ya vidonda yenye rangi ya chai. Tone moja kwenye uji mwepesi, uji ukawa bluu nyeusi: wanga upo. Uji uliokaa na mate ukabaki na rangi ya chai: wanga umekatwa. Mimi na rafiki yangu Mariamu, binti wa wachuuzi waliotoka Kindu, tulilirudia jaribio lile mpaka tukaitwa wenda wazimu.

Halafu shule moja ya bweni upande wa Likuni, karibu na Lilongwe, ikatangaza nafasi moja, moja tu, kwa msichana wa kambini. Atakayekosa atarudi kushona vifungo au kuuza nyanya. Tukaitwa wawili, Mariamu na mimi.

Ilikuwa asubuhi ya Juni, baridi inang'ata. Mwalimu wa pale, madam wa Kimalawi, alitupa uji, ayodini na tyubu za kioo mbili mbili, tuonyeshe kazi ya mate. Stovu ya kupashia maji ikagoma kuwaka. Na vimeng'enya kwenye baridi hufanya kazi kwa uvivu, maana vimezoea joto la mwili. Basi mi nikatema mate kwenye tyubu moja ya uji, nikaiingiza ndani ya sweta, nikaibana kwapani. Sikuja Likuni kushindwa na stovu.

Kumtazama Mariamu, nikaona anahangaika. Siku ile alikuwa amefunga, analipa siku zake za Ramadhani, na woga ukamkausha kabisa. Alivuta mashavu, akatema, hamna kitu. Akaniangalia. Nisiwadanganye: moyo uliniambia nimuache. Nafasi ni moja, Furaha! Madam alikuwa ametupa mgongo, anapigana na stovu.

"Leta tyubu," nikanong'ona.

"Furaha, uko na wazimu?"

"Leta mbio!"

Nikamtemea humo mate ya kutosha. Yeye pia akaibana kwapani.

Baada ya dakika kumi tukadondosha ayodini. Tyubu zetu zenye mate zikabaki na rangi ya chai, zisizo na mate zikawa nyeusi. Madam akauliza kwa nini. Nilieleza vizuri. Mariamu alieleza kunishinda, akafika mpaka jinsi moto mkali unavyoharibu vimeng'enya na jinsi asidi ya tumbo inavyoizima kazi ya mate. Madam akampa nafasi.

Mariamu akasimama, na kwa Chichewa chake cha sokoni akasema mate yale hayakuwa yake, yalikuwa yangu. Nilitamani kumziba mdomo! Madam akacheka. Akasema mate kila mtu anayo, yeye alikuwa anatafuta mtu wa kueleza. Nafasi ikabaki kwa Mariamu.

Iliniuma, jamani. Nilifika nyumbani nikalia juu ya vitambaa vya watu. Mama hakusimamisha cherehani. "Lia leo," akasema. "Kesho unashika daftari." Kesho yake nikalishika. Mchana nilishona vifungo, jioni nilisoma, mwaka mzima. Nafasi ilipotangazwa tena, moja kama kawaida, niliichukua.

Leo nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali hapa Lilongwe. Tuna mashine za kutunza joto, na vijana wa mafunzo ambao umeme ukikatika wanakaa kutazamana. Juzi niliwasimulia kisa hiki, mmoja akaniuliza, "Anti, sasa ulipata faida gani?"

Faida? Siku niliyoingia bwenini na sare aliyoshona mama, Mariamu alikuwa amenishikia kitanda kando ya chake. Juu yake kulikuwa na madaftari, rundo zima. Mwaka mzima kila somo alikuwa ameliandika mara mbili kwa mkono, lake na langu, kwa sababu alijua nitakuja. Siku hizi mtu anapiga picha ya daftari kwa sekunde moja, na bado hakutumii.